SOMO LETU: PAMBO LA PIKIPIKI NI LA NANI?



Wako wenzetu wa viwandani na mashambani ambao huendesha boda boda baada ya zamu, na wengine hununua pikipiki kwa kiinua mgongo chao. Kwa hiyo leo tutajifunza jambo ambalo wengi huliona dogo: mapambo ya pikipiki.

1. Mapambo yenyewe

Simama nje ya soko la Owino, Kampala, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Utaona pikipiki nyingi zilizotoka kiwandani sawasawa kama mapacha, lakini sasa ni vigumu kupata mbili zinazofanana. Hii ina kiti cha reksini nyekundu chenye nyuzi za kuning'inia. Ile ina maneno ya sala kwenye madigadi. Nyingine ina bendera ya timu ya mpira, taa za rangi, au mwavuli mrefu.

Boda boda ilianzia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, miaka ya 1960, kwa baiskeli. Waendeshaji walifunga mto juu ya keria ili abiria akae vizuri. Basi tangu hapo pambo na huduma vilikwenda pamoja.

2. Sababu za kupamba

Mtu anayeshinda juani juu ya chombo hutaka chombo hicho kifanane naye. Abiria aliyeridhika naye humtafuta tena kwa kiti chake chekundu, si kwa namba. Tena pambo la mmoja ni ujira wa mwingine: fundi cherehani anayeshona kiti, mwandishi wa maandishi, na mchomeleaji wa Katwe anayeunga vyuma. Hao wote ni wafanyakazi wenzetu.

3. Mambo matatu ya kuangalia

(a) Usalama. Mwavuli hushika upepo na kuyumbisha pikipiki. Taa nyingi humaliza betri. Stika isizibe taa ya nyuma, na vioo vya pembeni visiondolewe kwa ajili ya urembo.

(b) Fedha. Tuseme pambo ni shilingi 60,000. Ukiweka akiba 2,000 kila siku, utalinunua baada ya siku 30. Ukikopa na kulipa 3,000 kila siku kwa siku hizo 30, umetoa 90,000. Hizo 30,000 za ziada zimekwenda kwa mkopeshaji, na pambo ni lile lile.

(c) Umiliki. Wengi wetu huendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea fedha kila wiki. Siku akiichukua, kiti ulichoshonesha kwa jasho lako huenda nayo. Kwa hiyo, kabla ya kupamba, patana naye kwa maandishi mbele ya shahidi: kinachofunguliwa kwa spana ni chako, nawe utarudisha kiti cha zamani.

Hata mwenye chombo huweza kuamriwa. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya iliagiza matatu zichorwe mstari wa manjano, na michoro mingi ikafutwa. Ilirudi miaka ya baadaye, lakini kwanza wachoraji walipungukiwa kazi.

4. Tufanye nini?

Kwanza breki, tairi na kofia ya kujikinga, pambo lifuate. Pili, wa steji moja wanunue reksini kwa pamoja, kwa bei ya jumla. Tatu, mapatano na matajiri yafanywe na steji nzima, si mtu mmoja mmoja. Madereva wa Uganda walilijua hilo mapema: mwaka 1938 James Kivu na Ignatius Musazi waliunda chama cha madereva wa motokaa. Mmoja akidai kiti chake huitwa mkorofi. Wote wakidai, huitwa mapatano.

Maswali ya kujadili tawini

1. Katika tawi letu, ni nani anayepamba chombo kisicho chake? Je, ana maandishi?
2. Ni pambo gani linalomsaidia abiria, na ni lipi linalomhatarisha?
3. Zana zetu za kiwandani na shambani nazo, tunaruhusiwa kuzitia alama zetu?

Umoja ni nguvu!