Ada ya Taka za Kielektroniki: Kwa Nini Kifaa Kinachotengenezeka Kilipiwe Kidogo

Ada ya taka anayolipa mkazi wa Mbagala au Bunju hukadiriwa kwa taka za kila siku: maganda, mifuko na mabaki ya chakula. Simu iliyokufa na televisheni ya chogo ni mzigo wa namna nyingine. Kioo cha televisheni hiyo kina madini ya risasi, na nyaya zinapochomwa ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa mchomaji na kwa jirani. Je, gharama ya kuziondoa taka hizi salama aibebe nani?

Wajibu wa mzalishaji

Jibu la nchi nyingi ni kwamba anayetengeneza kifaa, au anayekiingiza nchini, alipe mapema ada ya kukikusanya na kukichakata kitakapokufa. Kenya imeuweka wajibu huo katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinamtaka anayeshughulika na taka za kielektroniki awe na kibali.

Kasoro ya ada moja kwa wote

Ada ikiwa sawa kwa kila simu, aliyefunga betri kwa skrubu na aliyeigandisha kwa gundi hulipa sawasawa. Wa kwanza hapati faida yoyote kwa uangalifu wake. Dawa yake ni kupanga ada kulingana na ubunifu wa kifaa.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Simu 10 zikitozwa shilingi 1,000 kila moja, mfuko hupata shilingi 10,000. Sasa simu 6 zinazotengenezeka kwa urahisi zitozwe shilingi 800, na 4 zisizofunguka zitozwe shilingi 1,300. Za kwanza zitaleta 4,800, za pili 5,200. Jumla ni 10,000 ileile. Mfuko haukupungua, bali mzigo umehamia kwa aliyeusababisha.

Ufaransa ilianza kupanga ada hivyo kwa baadhi ya vifaa mwaka 2010. Mwaka 2021, simu janja na kompyuta mpakato zilizouzwa huko zilianza kuonyesha alama, kati ya 10, ya urahisi wa kutengenezeka.

Tahadhari kwa mazingira yetu

Vifaa vyetu vingi hutoka nje, na vingi ni mitumba. Kwa hiyo mahali pa kutoza ni bandarini, kwa mwagizaji. Asiyepita njia halali atakwepa, na mwaminifu ataumia. Aidha, mwagizaji anaweza kuihamishia ada kwa mnunuzi. Hata hivyo, tofauti ya bei dukani nayo ni ujumbe: kinachodumu kiwe nafuu. Na fedha zisipomfikia mkusanyaji wa mtaani, ada itabaki kuwa kodi nyingine tu.

Maswali ya kujadili katika mtaa

1. Kabla ya kununua, je, umemuuliza fundi kama betri hubadilishika na vipuri hupatikana?
2. Ni vifaa gani vinavyokufa upesi zaidi katika mtaa wenu, na kwa sababu gani?
3. Mtaa ukipata kituo cha kukusanyia vifaa vibovu, kiwekwe wapi, na nani akisimamie?

Fundi simu wa mtaani ajua kifaa kipi kinafunguka na kipi hakifunguki. Ujuzi wake unastahili kusikika ada hizi zinapopangwa.