Hedifoni nzuri ya kwanza: pesa ianzie masikioni

Anayeanza kusikiliza muziki kwa makini hurundikiwa vitu na wauzaji: amplifaya ndogo, waya wa bei mbaya, vikorokoro vya kila aina. Aviache kwanza. Sehemu kubwa ya tofauti atakayoisikia inatoka kwenye hedifoni yenyewe na namna inavyokaa masikioni, kwa hiyo bajeti yote ya mwanzo iende hapo.

Jiulize utasikilizia wapi. Hedifoni zilizozibwa mgongoni hupunguza kelele za nje na hazivujishi sauti sana. Zinafaa ofisini, kwenye daladala, au mnapolala wawili chumba kimoja. Zilizo wazi mgongoni huupa muziki nafasi: gitaa la solo linajitenga na ridhimu, kila moja unajua liko upande gani. Ila jirani atasikia wimbo wako, nawe utasikia feni yake. Ukiishi penye kelele usinunue za wazi, hata zikisifiwa vipi.

Kwa zilizozibwa, Sony MDR-7506 ya mwaka 1991 bado inatumika studioni hadi leo, na ukinzani wake wa omu 63 hauisumbui simu ya kawaida. Mwenye mfuko mwepesi atafute Koss Porta Pro, iliyotoka mwaka 1984 na ingali ikitengenezwa, au KSC75 ya kuning'iniza sikioni, ambayo Marekani huuzwa kwa takribani dola 20. Hizo mbili za Koss ni za wazi. Popote utakaponunua, iwe Kariakoo au Luthuli, bei ikiwa nusu ya ile ya kawaida, shuku kuwa ni bandia.

Nenda dukani na wimbo wako unaoujua vizuri, usijaribie ule wa muuzaji. Rumba yenye sebene ndefu inafaa sana. Fuatilia gitaa la besi: je, unaweza kuimba noti zake, au linanguruma tu? Mwimbaji akitamka "s", je, inachoma sikio? Halafu bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, ujue sauti ilikuwa inapenya pembeni. Huenda miwani, nywele zilizosukwa au kitambaa cha kichwani vinazuia mito isigusane na ngozi. Rekebisha mkao kabla hujailaumu hedifoni. Kwa earphone za kuingiza sikioni, jaribu vipira vya saizi zote vinavyokuja nazo. Wengi hawavigusi kabisa, kisha wanalalamika kuwa hazina besi.

Ukishanunua, maboresho mengi ni ya bei nafuu, na mengine ni ya bure. Fungua mipangilio ya programu yako ya muziki uzime kubana data, kisha pakua nyimbo kwa ubora wa juu unapokuwa kwenye Wi-Fi. Jifunze kutumia ikwalaiza: Equalizer APO kwenye kompyuta ya Windows ni ya bure, na Wavelet ipo kwa Android. Anza kwa kupunguza kinachokuudhi badala ya kuongeza unachokipenda, maana ukipandisha kila kitu sauti itakwaruza. Na mito ikianza kumenyuka na kukuachia vipande vyeusi masikioni, badilisha mito tu. Hedifoni bado nzima.

Simu isiyo na tundu la pini inahitaji adapta ya USB-C. Ile ya Apple huuzwa dola 9 Marekani na ina sauti safi, ingawa kwenye baadhi ya simu za Android hutoka ndogo, hivyo ijaribu kwanza kwenye simu yako.

Amplifaya isubiri mpaka ununue hedifoni nzito kusukuma, kama Sennheiser HD 600 yenye omu 300, na hata hapo jaribu kwanza bila hiyo. Ukipandisha sauti ya simu hadi mwisho na bado haikutoshi, hapo ndipo utafute moja.