Taa ya Injini Haizimiki: Fundi Anajibu

Ile taa ya rangi ya machungwa yenye umbo la injini ndiyo inayoniletea watu wenye uchungu kuliko tatizo jingine lolote. Wengi hufika wakiwa na mfuko wa vipuri vilivyokwisha kubadilishwa, na taa bado inawaka. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wenye magari ya miaka mingi.

Taa imewaka lakini gari linakwenda vizuri. Niendelee kulitumia?

Tazama inawakaje. Ikiwaka mfululizo, joto la injini likawa la kawaida, taa ya oili imezimika na injini haitetemeki, fika nyumbani, kisha panga siku ya gereji. Ikiwa inapepesa, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Kupepesa maana yake injini inamisi: silinda mojawapo haichomi, petroli inatoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Masega yakiyeyuka, hasara itakuwa kubwa mara nyingi kuliko bei ya plagi au koili iliyoanzisha yote.

Fundi alichomoa betri, taa ikazima. Siku ya tatu imerudi. Kwa nini?

Kwa sababu kilichofutwa ni kumbukumbu tu. Kwa hitilafu nyingi kompyuta ya gari haiwashi taa papo hapo. Husubiri ione kosa lile lile katika safari nyingine ndipo iwashe. Hizo siku mbili tatu za amani ndizo muda wa kusubiri.

Linaloniumiza zaidi ni ushahidi uliopotea. Namba ya hitilafu inapohifadhiwa, kompyuta huhifadhi pia hali ya dakika ile: joto la injini, mwendo wa gari, mizunguko ya injini, mzigo iliobeba. Nikijua kosa lilitokea gari limesimama kwenye foleni, injini ikiwa ya moto, nimeshapunguza nusu ya kazi. Soma kwanza, piga picha kwa simu, ndipo ufute.

Mashine ya kusoma hitilafu imesoma P0171. Nimebadilisha sensa ya oksijeni mara mbili, taa inarudi. Nifanye nini?

Usinunue ya tatu. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi sensa imekufa. Sensa ndiyo shahidi aliyekuja kutoa taarifa, na wewe umemfukuza shahidi mara mbili. Sensa yenyewe ikiharibika mara nyingi ina namba zake, kama P0135 inayohusu hita iliyomo ndani yake.

Mwambie fundi afungue vipimo vinavyoonekana injini ikiwa inaunguruma, aangalie asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini yenye afya hukaa karibu na sifuri. Ikivuka kumi kwenda juu, kuna jambo. Asome kwanza gari likiwa sailensa, kisha akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 na kuituliza hapo. Ikiwa asilimia ni kubwa kwenye sailensa na inashuka unapokanyaga, kuna hewa ya wizi inayoingia nyuma ya kipima hewa. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga, elekea kwenye petroli: pampu iliyochoka, filta iliyoziba, au kipima hewa chenye vumbi kinachohesabu hewa pungufu.

Niliwahi kupokea gari dogo la miaka ishirini lililozunguka gereji kadhaa kwa namba hiyo hiyo. Kwenye sailensa kompyuta ilikuwa inaongeza petroli asilimia 24. Kwenye 2,500 ikashuka hadi 6. Niliupapasa mpira mwembamba unaovuta mvuke wa oili kutoka tapeti kava kwenda menifoldi, ukavunjika mkononi kama biskuti. Joto la miaka yote hiyo lilikuwa limeukausha. Kipande cha mpira cha urefu wa kiganja kilimaliza kazi.

Kagua pia eksozi kabla ya sensa ya kwanza. Tundu dogo pale huvuta hewa ya nje, nayo sensa huripoti hewa nyingi kwa haki kabisa, ingawa injini haina kosa. Na tafadhali, asimwagie mtu petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto ili kutafuta tundu. Nimeona moto ukianza hivyo. Moshi unaopulizwa kwenye njia ya hewa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha tundu bila hatari hiyo.

Namba ni P0302. Ninunue koili zote nne?

Hapana. Tarakimu ya mwisho inataja silinda: ni ya pili inayomisi. Katika injini kama 1NZ-FE ya Toyota kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Zima injini, hamisha koili ya pili uipeleke ya tatu, ya tatu ije ya pili, futa namba, uendeshe. Ikija P0303, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0302, hamisha plagi vivyo hivyo, kisha nozeli, na mwisho pima kompresheni.

Masega yalitolewa ili gari "lipumue", sasa P0420 haiondoki.

Haitaondoka kwa dawa: namba hiyo inasema masega hayasafishi moshi. Sensa ya nyuma ipo kulinganisha moshi kabla na baada ya masega. Yakitolewa, sensa zote mbili zinaona kitu kimoja. Gari la petroli lenye masega mazima halibanwi pumzi, na moshi wenye sumu tunauvuta sisi na watoto wetu barabarani. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa. Kama ni lazima yatolewe kwa kuwa yameziba, yadai: ni mali yako.

Gari langu ni Toyota la zamani, mashine haina pa kuchomeka.

Marekani ililazimisha soketi ya pini 16 kuanzia magari ya 1996, Japani ilichelewa. Toyota nyingi za zamani zina kiboksi chini ya boneti. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni. Mbili na mbili ni sensa ya joto la maji. Soma maandishi kwenye kifuniko kwa makini, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza waya.

Nataka kununua gari lililotumika. Nitajuaje taa haikufichwa?

Washa swichi kabla ya kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa. Halafu chomeka mashine, uangalie majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Mengi yakiwa hayajakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni. Mwombe muuzaji ubaki na gari siku mbili, uliendeshe mjini na barabara kuu, ndipo upime tena kabla ya kulipa.