Kuingia Mombasa kwa Mlango wa Leso

Mgeni anayetaka kuujua utamaduni wa mji, yaani jinsi wenyeji wanavyosalimiana, wanavyovaa, wanavyokula na wanavyoambiana mambo mazito bila kugombana, hufaidika zaidi akienda na haja ya kweli kuliko akienda na orodha ya mahali pa kupigia picha. Haja ya kweli ni shughuli ambayo hata mwenyeji huwa nayo, kama vile kushonesha nguo, kununua viungo vya pilau, kumtafuta fundi wa dhahabu au, kama itakavyoelezwa hapa kwa urefu, kununua leso. Mtalii huonyeshwa mji, lakini mwenye haja huulizwa maswali, na katika kuyajibu hujikuta amekwisha kuingia katika mazungumzo ya watu. Makala haya yanaieleza njia hiyo kwa mfano wa Mombasa, mji ambao Wakenya wengi wa bara huudhania kuwa ni ufuo wa bahari na hoteli tu, na ambao ndio uliomfanya mwandishi wa makala haya, aliyekulia Nakuru, aipende nchi yake kwa moyo wote, jambo ambalo vitabu vya shule havikuweza.

Mambo ya safari yenyewe hayahitaji maelezo marefu. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hufika Miritini, nje ya kisiwa, na matatu za kuingia mjini hazikosekani. Kuvaa kwa heshima, kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha na kutoingia msikitini kiholela ni adabu ambazo kila aliyelelewa vyema anazo. Fort Jesus isirukwe: ni ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi ilipotekwa 1698, ikageuzwa jela wakati wa Waingereza, kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Asubuhi moja yaitosha.

Kinachowaharibia wageni ziara ni waongozaji wa kujiteua wanaosubiri karibu na ngome hiyo. Mmoja wao alimpitisha mwandishi katika Mji wa Kale kwa mwendo wa mtu anayekimbilia feri ya Likoni, akamtajia miaka na majina yasiyoambatana na jengo lolote, na kila kona akamfikisha kwenye duka la vinyago ambalo, kama ilivyodhihirika baadaye, lilikuwa likimpa fungu lake. Malipo yaliyokubaliwa mwanzoni yakaongezeka mara mbili mwishoni. Kilichouma zaidi ya fedha ni kwamba ziara hiyo iliwapita wazee walioketi barazani, yaani kwenye kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba mbele ya mlango, wakibishana kwa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, huku mwuza kahawa akiwamiminia vikombe kutoka katika dele lake la shaba. Mwandishi alipotaka kuketi aliambiwa kwamba hapo hapana kitu cha kuona. Mwongozaji anayesema hivyo barazani hastahili kulipwa hata senti, na msafiri anayemsikia akisema hivyo ana haki ya kuagana naye papo hapo.

Njia inayopendekezwa badala ya ziara ya namna hiyo ina hatua tatu. Ya kwanza ni kuondoka nyumbani na haja uliyopewa na mtu mwingine, kwa sababu haja ya kujitungia huisha nguvu mara mwenye duka anapouliza kitu kinatakiwa kwa ajili gani. Mwandishi alikuwa ametumwa na shangazi yake wa Nakuru amletee leso za kumpa mkaza mwana, yaani mke wa mwanawe, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Leso, ambayo Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la kanga, ni kitambaa cha pamba chenye urefu wa kama mita moja na nusu, kinachouzwa jozi, vipande viwili vikiwa bado havijatenganishwa. Kila kipande kina pindo, ambalo ni nakshi inayozunguka pande zote nne. Kina mji, ambao ni uwanja wa katikati. Na kina jina, ambalo ni maneno ya Kiswahili yaliyochapishwa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Shangazi alitaja rangi alizozipenda na kusema kwamba jina liwe zuri. Agizo hilo la mwisho, lililoonekana jepesi Nakuru, ndilo lililofungua Mombasa.

Hatua ya pili ni kwenda pale wanakonunua wenyeji. Katika maduka ya kumbukumbu yaliyo karibu na ngome huuzwa vitambaa vyenye nakshi za leso ambavyo havina hata uzi wa pamba, tena kwa bei inayopanda kila mnunuzi anaposikika na lafudhi ya bara. Mwuzaji mmoja wa huko alimwapia mwandishi kwamba kitambaa chake ni pamba tupu. Dawa ya viapo vya namna hiyo ni rahisi: kwa kuwa leso huuzwa kabla ya kupindwa, ukingo wake una nyuzi zilizolegea, na uzi mmoja ukivutwa na kuwashwa kiberiti mbali na kitambaa, wa pamba huungua ukaacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali wa poliesta hujikunja, ukayeyuka na kuacha kijishanga kigumu cheusi. Mwuzaji yule, alipoombwa uzi mmoja tu, alikikunja kitambaa chake akakirudisha rafuni, na kwa kufanya hivyo alikuwa amekwisha kujibu.

Pa kwenda ni Biashara Street, karibu na Digo Road na soko la Marikiti, ambako maduka ya leso yamepangana pande zote mbili na mafundi cherehani hukaa kwenye vibaraza vya nje. Huko ndiko liliko duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye historia inayorudi hadi 1887, ambalo leso zake hutambulika kwa alama ya Mali ya Abdulla, na ambalo mara nyingi hutajwa kuwa ndilo lililoanza kuweka majina kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Kitambaa chake ni kizito, rangi hazichuji upesi, na kwa maoni ya mwandishi tofauti ya bei na leso nyepesi za mtaa huohuo ni tofauti inayolipwa kwa furaha. Hata hivyo, yaliyomfaa mwandishi zaidi yalitokea katika duka jingine dogo zaidi, na hayakuletwa na mwuzaji.

Mwandishi alikuwa amechagua leso ya buluu na rangi ya chungwa, iliyolingana kabisa na maagizo ya shangazi, na mwuzaji alikuwa akiinua mkono kuchukua mfuko, wakati mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui, aliyekuwa akipekua rundo la pembeni, alipouliza, "Hiyo wamtakia nani, mwanangu?" Aliposikia kuwa ni ya mkaza mwana wa shangazi aliyejifungua, aliishika leso, akaikunjua kwa mkupuo mmoja juu ya meza na kuweka kidole kwenye jina, ambalo lilisema Japo sipati tamaa sikati. "Mwenzio amezaa, nawe wampelekea maneno ya mtu aliyekosa?" Mwuzaji aliangalia pembeni. Mama wa pili akavuta kutoka rafuni leso yenye jina Wema hauozi, akasema hiyo haina ubaya wowote, lakini mama wa kwanza akaipinga vilevile, kwa hoja kwamba maneno hayo yakitoka kwa mavyaa, yaani mama mkwe, mke wa mwana atadhani anasimangwa, kwamba anakumbushwa fadhila alizokwisha kutendewa katika nyumba ile. Mama wa pili hakukubali. Alisema jina huchukua maana ya mkono unaolitoa, na shangazi ambaye hana tabia ya kusimanga hawezi kudhaniwa hivyo. Wakamgeukia mwandishi na kumhoji juu ya tabia ya shangazi yake: je, ni mtu wa maneno mengi, je, alikuwa ameiridhia ndoa, je, mtoto ni wa kiume au wa kike na amepewa jina la upande upi. Mwandishi alijibu yote. Mwenye duka aliiacha biashara yake isimame na akatega sikio, kwa kuwa alijua kwamba leso inayouzwa baada ya shauri kama hilo hairudishwi.

Jina lililokubaliwa mwishoni lilikuwa Mola ndiye mpaji. Rangi yake haikuwa ile ya shangazi, na hapakuwa na mtu aliyeliona hilo kuwa tatizo.

Shauri hilo halikuishia dukani. Fundi wa kibarazani, ambaye kazi yake ni kuzitenganisha leso mbili na kuzipinda, alipitisha mkasi katikati ya ule mstari mtupu uliotenga nakshi mbili, akaukunja ukingo mara mbili kwa ukucha wa dole gumba bila kuugusa urembo wa pindo, na huku cherehani ikikimbia akalisoma jina kwa sauti, akauliza ni nani aliyezaa, akatoa hongera zake. Mchana, katika baraza moja ya Mji wa Kale karibu na Ndia Kuu, leso hiyohiyo ilipokunjuliwa kwa ajili ya kuuliza kama imepindwa sawasawa, wazee waliacha mazungumzo yao, wakalijadili jina, na mmoja wao akaingia katika habari za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840 na ambaye tungo zake, zilizohusu siasa, mapenzi, njaa na majibizano ya mji, zilidumu vichwani mwa watu hadi wanazuoni kama Mwalimu Sikujua walipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Mzee huyo alieleza kwamba Muyaka na wanawake wa leso ni watu wa mila moja, mila ya fumbo, yaani kauli inayosema jambo kwa namna ambayo anayehusika huielewa na asiyehusika hupita nayo salama. Kahawa chungu ililetwa pamoja na kashata, na mgeni hakuruhusiwa kulipa.

Mapenzi ya nchi yalianzia hapo. Kwa mtoto wa bara, Kiswahili kilikuwa ni insha, ufupisho na ngeli za mtihani, lugha ambayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inaitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini ambayo wengi huiacha nje ya mlango wa ofisi. Katika duka lile, lugha hiyohiyo ilionekana ikitumiwa na wanawake wasio walimu kupima uzito wa neno moja kabla halijamfikia mzazi aliye umbali wa mamia ya kilomita. Fahari aliyoipata mwandishi ilikuwa fahari ya kugundua kwamba hazina hiyo ni ya Kenya, na kwamba Kenya haikuumbwa Nairobi ikasambazwa kwingine. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake ilipepea juu ya Fort Jesus hadi Desemba 1963, baada ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, kukubaliana mwezi Oktoba mwaka huo kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya huru. Kwa hiyo pwani iliingia katika taifa ikiwa na historia ndefu kuliko taifa lenyewe. Wimbo wa taifa unaoimbwa Nakuru, Kisumu na Garissa umejengwa juu ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Na leso, ambayo nyingi bado huchapishwa India, ndiyo inayombeba mtoto mgongoni Meru na ndiyo ambayo akina mama wa Kakamega hujifunga wanapokwenda matangani. Mambo hayo yamo vitabuni. Ila mwandishi hakuyajali mpaka alipokuwa na leso mkononi na watu wa kumweleza.

Hatua ya tatu ni kumfikishia aliyeagiza na kumweleza jina lilivyochaguliwa, neno kwa neno. Shangazi alisikiliza habari yote, akauliza mama yule wa buibui anaitwa nani ili amtumie salamu, kisha akampa mkaza mwana wake leso na habari yake pamoja.

Shule nyingi za bara huwaleta wanafunzi Mombasa wakaiona ngome, wakaoga baharini na kurudi. Walimu wa Kiswahili wanaoziandaa ziara hizo wanaombwa wampe kila mwanafunzi jina la mtu wa nyumbani anayestahili zawadi na fedha za leso moja hata kama ni nyepesi, kisha wawaache waulize wenyewe dukani ni jina gani linalomfaa mtu huyo. Asubuhi ya siku yoyote yafaa, isipokuwa kwamba siku ya Ijumaa wachelewao hukuta maduka mengi yamefungwa kwa ajili ya sala.