Kusoma Matokeo ya Kidato cha Nne: Alama, Gredi, Pointi na Daraja

Madhumuni

Mwalimu wa shule ya msingi kijijini huulizwa na wazazi maana ya matokeo ya mtihani, hata yale ya kidato cha nne. Kwetu Geita swali hilo si dogo. Nyarugusu na Rwamgasa machimbo ya dhahabu yako jirani, na kijana aliyeambiwa kimakosa kuwa ameshindwa aweza kushika sururu kesho yake. Kwa hiyo mwanachuo hana budi kujua hesabu hii barabara, ili aweze kuwaeleza wengine.

Hatua ya kwanza: kutoka alama hadi gredi

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hugeuza alama za kila somo kuwa gredi:

A: 75–100
B: 65–74
C: 45–64
D: 30–44
F: 0–29

Hatua ya pili: kutoka gredi hadi daraja

Kila gredi hupewa pointi: A ni 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Hujumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7–17 ni Daraja la Kwanza. 18–21 la Pili. 22–25 la Tatu. 26–33 la Nne. Na 34–35 ni sifuri. Yafaa ikumbukwe kwamba hapa pointi chache ndizo bora.

Mfano wa ubaoni

Tuwachukue watahiniwa wawili wa kubuni.

Wa kwanza: 74, 64, 64, 64, 64, 44, 44. Jumla ya alama ni 418. Gredi ni B moja, C nne na D mbili. Pointi 22, Daraja la Tatu.

Wa pili: 65, 65, 45, 45, 45, 45, 30. Jumla ya alama ni 340. Gredi ni B mbili, C nne na D moja. Pointi 20, Daraja la Pili.

Wa kwanza amemzidi mwenzake kwa alama 78, lakini daraja lake liko chini. Hakuna aliyekosea hesabu. Gredi haitofautishi alama 45 na 64, bali hutenganisha 64 na 65. Basi daraja ni kipimo cha kupangia watu wengi, wala si picha kamili ya anayoyajua mmoja wao. Mzazi akisikia "la tatu" na kuhuzunika, tumwonyeshe gredi za masomo: mtoto huyu ana B moja na C nne, naye ana njia ya kuendelea na masomo.

Mambo ya kuangalia

1. Neno "pointi" lina maana mbili. Katika kuomba nafasi ya chuo kikuu kwa matokeo ya kidato cha sita, A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hapo pointi nyingi ndizo bora. Tuulize kwanza ni kipimo kipi kinachosemwa.

2. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi, si kwa madaraja. Mwaka 2015 madaraja yakarudishwa. Matokeo ya mwaka huo yasisomwe kwa jedwali hili.

3. Tusitamke daraja kabla ya kusoma gredi za masomo yote.

Zoezi

Mtahiniwa amepata C tatu, D mbili na F mbili. (a) Tafuta pointi na daraja lake. (b) Kama D moja ingekuwa na alama 44, je, alama moja zaidi ingebadili daraja? (c) Andika sentensi tatu za kumweleza mzazi wake matokeo hayo kwa ukweli bila kumvunja moyo. Wanachuo wasomeane majibu ya (c) wawili wawili, kisha wayasahihishe.