Magunia 25 nyuma ya pikapu

SWALI: Kitabu cha pikapu yangu kinasema inavuta kilo 2,500. Nimechongesha tela la kilo 450, halina breki. Naweza kushusha magunia 25 ya korosho toka Newala hadi Masasi?

JIBU: Ndugu, usishushe. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, kwa hiyo 25 ni kilo 2,000. Ukiongeza tela, 2,450. Unaona zimeingia, lakini 2,500 kwa kawaida ni ya tela lenye breki zake. Lisipokuwa nazo, pikapu nyingi huruhusiwa kilo 750 tu. Toa 450 za chuma, zinabaki 300: magunia matatu! Hayo si afadhali uyapakie kwenye bodi?

Kupanda, injini ikishindwa utasimama. Hatari ni kuteremka ukingo wa uwanda wa Makonde, breki zimepata moto na tela linakusukuma. Fundi alifunge breki, nawe uingize gia ndogo ukiwa bado juu.

Magunia yaegemee mbele kidogo ya ekseli, kama asilimia 10 ya uzito ilalie kwenye ndoano. Yakielemea nyuma, tela litayumba. Uzito huo wa ndoano ni mzigo wa pikapu yenyewe, uhesabu pamoja na abiria. Na ukitaka kurudi na tanki la maji la lita 1,000, likijaa ni tani nzima. Nalo lisubiri breki.