Kulitafuta Jina la Zebaki

Katika nchi ya Geita, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, wako wachimbaji wadogo wasagao mawe na kuyaosha ili wapate dhahabu. Wengi wao hutia zebaki katika tope lile. Zebaki huzishika punje za dhahabu, zikawa donge moja. Kisha donge hutiwa motoni, zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo ni sumu, nao hauna rangi wala harufu.

Tuseme wataka kujua habari za zebaki, ukaingia maktaba mjini Mwanza, ukapewa kitabu kinene cha kemia cha Kiingereza. Kitabu cha namna hiyo hakisomwi toka mwanzo hata mwisho kama hadithi. Kifungue nyuma, penye fahirisi.

Hapo wengi hutafuta chini ya Z, wasione kitu. Neno zebaki tumelipata kwa Waarabu. Waingereza husema mercury, na zamani walisema quicksilver. Alama yake ni Hg, kwa jina la Kilatini hydrargyrum, lililotoka katika Kiyunani, maana yake fedha ya maji. Fahirisi njema hukushika mkono: chini ya Q imeandikwa, “quicksilver, tazama mercury.” Fahirisi mbaya hunyamaza, ukadhani kitabu hakina habari hizo. Basi kabla hujafungua kitabu, andika kwanza majina yote ya kitu unachokitafuta.

Liko jambo zito zaidi. Zebaki na klorini hufanya vitu viwili, vyote vyeupe. Kimoja ni Hg₂Cl₂, yaani kalomeli. Hakiyeyuki majini ila kidogo mno, na hapo kale waganga wa Ulaya waliwanywesha wagonjwa kuwa dawa ya kuharisha. (Dawa hiyo imeachwa, na ni vema.) Cha pili ni HgCl₂. Hiki huyeyuka: gramu 7 hivi katika mililita 100 za maji, na gramu chache zikinywewa huua mtu mzima. Majina yao katika vitabu vya Kiingereza, mercurous chloride na mercuric chloride, yamepitana herufi chache tu, tena katika fahirisi hukaa jirani. Msomaji mwenye haraka huingia nyumba siyo.

Kwa sababu hiyo vitabu vikubwa vina fahirisi ya pili, ya fomula. Kanuni yake ilielezwa mwaka 1900 na Edwin Hill, Mmarekani. Kaboni hutangulia, hidrojeni hufuata, na elementi nyingine hupangwa kwa alfabeti ya alama zao. Pasipo kaboni, zote hupangwa kwa alfabeti. Basi HgCl₂ usiitafute chini ya H, maana Cl hutangulia Hg: imeandikwa Cl₂Hg. Kalomeli ni Cl₂Hg₂.

Tena wako watungaji wa Chemical Abstracts, jarida lililoanzishwa Marekani mwaka 1907 ili kukusanya muhtasari wa maandiko ya kemia. Mwaka 1965 walianza kukipa kila kitu nambari yake, isiyojali lugha. Ya zebaki ni 7439-97-6. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa nyingine. Iweke kando, kisha uanze kuume kwenda kushoto, ukizidisha kwa 1, kwa 2, kwa 3, hata mwisho: 7×1, 9×2, 9×3, 3×4, 4×5, 7×6. Jumla ni 126, nayo huishia 6. Hesabu imepatana na mlinzi. Mwandishi angalikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu ingalikataa.

Haya, fanya kazi. Katika ghala ya shule iko chupa ya unga mweupe. Jina limefutika, na mende wamekula pembe ya karatasi. Yasomeka 7487-94, na tarakimu ya mwisho haipo. Nambari ya kalomeli ni 10112-91-1. Itafute tarakimu iliyopotea, kisha uende na nambari nzima kwenye fahirisi, uone ni unga gani. Chupa usiifungue kwanza.